Mabuyu huingia mwisho, tena yakiwa makavu

Umeuliza namna ya kupika mabuyu ya sukari na rangi ya kuuza. Simama hapo hapo! Hizo kilo tano za mabuyu unazotaka kuzitia sufuriani pamoja na sukari, maji na rangi, vichemke nusu saa, usizitie. Utapata uji mwekundu wenye kokwa, na wateja wako ni watoto wa shule. Hawatarudi mara ya pili.

Wanaofundisha "tia vyote, koroga, subiri" wanawaponza watu. Video zao hukatwa shira inapoanza tu kutokota, mara unaonyeshwa sinia ya mabuyu makavu. Hapo katikati ndipo mtaji wa mtu unapopotelea, na hawasemi.

Ule unga mweupe kwenye kokwa ndio utamu wenyewe. Kokwa ni ya kutema. Unga huo huyeyuka majini, ndiyo maana hutengenezewa juisi. Ukiuchemsha, unabanduka na kubaki kwenye shira. Tena ni mchachu, na uchachu ukikaa motoni na sukari huivunja ikawa sukari nyingine mbili, glukosi na fruktosi, ambazo hazikauki vizuri na huvuta unyevu wa hewani. Jioni utadhani yamekauka, asubuhi yote ni donge moja, hasa pwani wakati wa masika. Ukiongeza sukari, bado yatanata. Ukiyarudisha motoni, yataungua yawe machungu.

Chukua vikombe vinne vya mabuyu, uyatenganishe yaliyoshikana. Usiyaoshe, usiyaloweke. Bandika sukari kikombe kimoja na nusu kwa maji nusu kikombe tu, rangi, chumvi kidogo na pilipili ya unga nusu kijiko cha chai, moto wa wastani. Sukari ikishayeyuka usikoroge tena. Mapovu yakiwa mazito na ya taratibu, chota tone, lipoe kidogo, libane kwa vidole viwili: likivuta uzi, shira imeiva. Mwenye kipimajoto angoje nyuzi 110 hadi 112 za Selsiasi. Zima moto, tia iliki, ndipo umimine mabuyu yote kwa pamoja. Geuza upesi kwa mwiko kutoka chini, mpaka shira ipoteze mng'ao na kuyashika. Mwaga kwenye sinia, yatenganishe yangali na moto. Ukitaka yale mazito ya Zanzibar, nyunyiza unga wa ubuyu hapo hapo. Usifunike kabla hayajapoa kabisa, maana mvuke utarudi kuwa maji na kazi yote imekwisha.

Rangi iwe ya chakula. Ile ya kutilia ukili wa mikeka haifai kuingia kinywani mwa mtoto, hata ikoze namna gani.

Uliuliza pia asili yake. Mbuyu ni mti wa Afrika. Jina lake la kisayansi, Adansonia digitata, linatokana na Mfaransa Michel Adanson aliyefika Senegal mwaka 1749. Iliki asili yake India, pilipili ilitoka Amerika. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula mwaka 2008, wakati watoto wa Mombasa na Unguja walikuwa wameshazoea zamani kurudi nyumbani na midomo myekundu.

Lakini kwanza shira! Anza na hivyo vikombe vinne, kilo tano ziache guniani. Yakinata, rudi hapa useme uliyatia mabuyu shira ikiwa katika hali gani.