Barua kwa mwanangu: blenda ya mkono inunue, ila ujue kazi yake

Baba,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa mjukuu wangu. Umeniuliza kama blenda ya mkono, ile ya fimbo inayotumbukizwa ndani ya sufuria, inafaa kununuliwa wakati blenda ya jagi mnayo tayari. Inafaa, mwanangu, ila uinunue hasa kwa ajili ya chakula kilichokwisha kuiva. Ukiitaka ikusagie barafu, karanga kavu, nazi au nafaka, utaunguza mota mapema na pesa yako itakuwa imepotea. Kazi hizo ziachie jagi, kinu na mashine ya kusaga.

Kwanza elewa inavyofanya kazi, maana makosa mengi yanatokana na hapo. Mota imo kwenye mpini. Chini yake kuna mguu, na mwisho wa mguu kuna kisu kidogo kilichofunikwa na kikombe chenye mapengo pembeni. Kisu kikizunguka kinavuta chakula kutoka chini na kukitupa nje kupitia yale mapengo, kisha kinakivuta tena. Ni upekecho ule ule wa bibi zako, ila viganja vimepewa mota. Aliyeibuni ni Mswisi, Roger Perrinjaquet, akaisajili hataza mwaka 1950, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Kwa kuwa chakula lazima kizunguke, lazima kiwe na majimaji. Kikiwa kikavu kinaganda ndani ya kikombe, kisu kinazunguka bure na mota inachemka.

Faida yake kubwa utaiona kwenye supu. Chukua boga lililomenywa kilo moja, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi na maji ya kulifunika tu. Chemsha mpaka kisu cha kawaida kizame kwenye boga bila kusukuma. Zima moto, subiri dakika tano. Tumbukiza blenda ikiwa imeinama kidogo ili hewa iliyonaswa ndani ya kikombe itoke, hakikisha kikombe kimezama vidole viwili chini ya supu, ndipo ubonyeze. Saga sekunde 15 hadi 20, pumzika, hamia upande mwingine. Tui liingie mwishoni, baada ya kusaga. Kwa blenda ya jagi ungelazimika kumimina supu ya moto mara mbili au tatu, na mvuke uliobanwa chini ya kifuniko unaweza kukirusha na kukuunguza mikono. Hapo ndipo fimbo inapoishinda jagi kabisa.

Ukiiinua nje wakati inazunguka, supu itaruka ukutani na usoni. Achia kitufe kwanza, kisu kisimame, ndipo uinue. Sufuria nayo isijae zaidi ya theluthi mbili.

Nyanya za mchuzi zina siri yake. Ukizisaga mbichi, kisu kinaingiza hewa na unapata povu la rangi ya waridi ambalo linachukua muda mrefu jikoni kurudi kuwa jekundu. Kaanga vitunguu, weka nyanya zilizokatwa vipande vinne, funika ziive mpaka ziwe laini, kisha saga humo humo. Maganda yanapotea, rangi inabaki, na mafuta yanajitenga upesi. Maharage ni rahisi zaidi: yakishaiva vizuri, ingiza blenda upande mmoja wa sufuria, bonyeza kwa sekunde kama kumi tu, koroga. Mchuzi unakuwa mzito bila unga na punje nyingi zinabaki nzima.

Kwenye mtori uwe mwangalifu. Toa nyama na mifupa yote kabla ya kusaga, maana kipande cha mfupa kinapinda kisu au kukata kiunganishi cha mota. Ndizi zisage kwa mibonyezo mifupi mifupi, na supu uiongeze kidogo kidogo. Ukizidisha, wanga unavunjika na mtori unavutika kama gundi. Viazi mviringo ndivyo vibaya kuliko vyote kwa tabia hiyo, na kikishakuwa gundi hakuna dawa. Viazi vya kuponda viponde kwa mwiko.

Sasa kuhusu sufuria, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kikombe cha chuma kikisugua kitako cha alumini, kinachuna, na utaona mistari ya kijivu kwenye supu nyeupe au kwenye uji. Sufuria zenye rangi nyeusi isiyogandisha chakula zinaharibika kwa mguso mmoja. Kwa hiyo shikilia blenda juu kidogo ya kitako, usiikandamize. Ukiwa na sufuria ya chuma kisichoshika kutu yenye kina kirefu, ifanye hiyo ndiyo ya kusagia. Ukihisi blenda imejing'ang'aniza chini, usiivute kwa nguvu. Achia kitufe, iinamishe kidogo, itaachia.

Kwa mjukuu wangu, sasa anapotimiza miezi sita, kifaa hiki kitawasaidia sana. Vijiko vitatu vya boga ukivitia kwenye jagi kubwa vinabandika ukutani na kisu hakivigusi. Kwa fimbo, tia kwenye kikombe kirefu chembamba, pana kidogo tu kuliko kikombe cha blenda, ongeza maziwa ya mama au maji yaliyochemshwa, na hata nusu kikombe cha chakula kitasagika. Nyama au maini chemsha mpaka vilainike, kata vipande vidogo kama punje za mahindi, saga na supu yake. Mwambie mkeo asiendelee kusaga laini kwa miezi mingi. Mtoto akifika kama miezi minane aachiwe vipande laini avitafune kwa fizi, na akikaribia mwaka ale chakula cha familia kilichokatwakatwa. Kusaga kila kitu mpaka anatembea kunamchelewesha kujifunza kutafuna.

Mayonesi pia inatengenezwa ndani ya dakika moja, mradi chombo kiwe chembamba. Yai moja lisilo la baridi, kijiko kikubwa cha ndimu, nusu kijiko cha chai cha haradali, chumvi kidogo, kisha mafuta ya alizeti mililita 200 juu yake. Acha yai litulie chini. Funika kiini kwa kikombe cha blenda, bonyeza, na usiisogeze hata kidogo kwa sekunde 10 hadi 15. Utaona weupe unapanda kutoka chini. Ukishafika nusu ya chombo, inua polepole. Inakatika, yaani mafuta yanajitenga na yai, kwa sababu tatu: chombo kipana, blenda iliyoinuliwa mapema, au yai lililotoka kwenye friji wakati huo huo. Ikikatika, weka kiini kipya kwenye chombo safi, washa, mimina ile iliyokatika kidogo kidogo. Ina yai bichi, kwa hiyo ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku mbili, na mtoto asipewe.

Vyenye nyuzi vinajizungusha kwenye kisu. Tangawizi ikate vipande vyembamba kukatisha nyuzi zake. Maembe ya nyuzi ndefu yaache. Ukwaju uroweke na utoe kokwa zote, hata moja isibaki. Na kitu kikinasa, chomoa waya ukutani kwanza, hata kama ni jani tu la kitunguu. Kitufe kiko pale pale unaposhika mpini, na kukibonyeza kwa bahati mbaya wakati kidole kimo ndani ya kikombe ni jambo la sekunde moja.

Ukienda dukani, soma kibandiko kabla ya bei. Kiandikwe 220–240 V, 50 Hz. Ukiletewa zawadi kutoka Marekani yenye 120 V, usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wetu, itaungua. Wati 400 hadi 600 zinatosha kabisa kwa nyumba. Usidanganywe na maandishi ya wati 1,000 kwenye kitu chepesi chenye mguu wa plastiki. Nyingi zina maandishi madogo ya KB 1 min, maana yake isizunguke mfululizo zaidi ya dakika moja kabla ya kupumzishwa. Ipe mapumziko ya dakika mbili au tatu. Ukisikia harufu ya moto, acha. Umeme ukiwa hafifu, taa zinafifia, usisage kitu kizito, kwa sababu mota inahangaika na kupata moto zaidi.

Mguu uwe wa chuma kisichoshika kutu. Wa plastiki unashika rangi ya manjano isiyotoka na unaweza kupasuka kwa supu za moto. Uwe pia unachomoka, ili uuoshe bila kulowesha mota. Chungulia pale mguu unapokutana na mpini: kuna kiunganishi kidogo chenye meno. Hicho ndicho kinachokufa mara nyingi, na dalili yake ni mota kulia huku kisu kimetulia. Muulize muuzaji kama anakiuza peke yake. Mwombe akujaribishie kwenye glasi ya maji kwa sekunde tano. Maji yakitoka na doa la mafuta au weusi, sili ya mguu, ile pete ya kuzuia maji yasipenye, imevuja, mrudishie.

Zinazouzwa pamoja na kibakuli cha kukatia ni bora kuliko fimbo peke yake. Kibakuli hicho kinakupa kitunguu saumu na tangawizi vya wiki nzima kwa mibonyezo michache. Kichwa cha kupigia mayai, kama kimo pia, ni sawa kwa keki ndogo, lakini usithubutu kukandia unga wa maandazi. Isiyo na waya iache, ni ghali, na betri ikichoka mara nyingi kifaa chote kimechoka.

Umeme hauli wa kutisha. Ya wati 600 inahitaji dakika 100 za kuzunguka ili imalize yuniti moja ya luku, nanyi kwa siku hamtafika hata dakika tano.

Kuosha ni mara tu unapomaliza: maji ya moto na tone la sabuni kwenye jagi refu, izungushe sekunde kumi, chomoa, suuza, ning'iniza kisu kikiangalia chini. Usiuloweke mguu usiku kucha, maji yanapita kwenye sili na kuozesha bushi, yaani kibomba kinachoshika mhimili wa kisu, halafu unaanza kuona weusi kwenye chakula.

Kabla hujalipa nitumie picha ya kibandiko na ya pale mguu unapochomoka, nikuambie kama ni ya kuchukua. Msalimie mkeo, na umbusu mtoto.

Mama yako