Una figo ya kupandikizwa? Antibayotiki isikupite mdomoni kimyakimya

Natumia takrolimusi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, asubuhi na jioni kila siku ya Mungu tangu nipandikizwe figo, na kama kuna kitu nataka wenzangu wakijue basi ni hiki, mara nyingi balaa haliletwi na dawa ya kushusha kinga yenyewe, linaletwa na ile dozi fupi ya kifua au fangasi uliyoandikiwa na mtu asiyejua unameza nini nyumbani.

Iko hivi. Takrolimusi, na siklosporini pia (nayo ni ya kushusha kinga), zinavunjwa na kimeng'enya, yaani protini ya kuchakata dawa, kinaitwa CYP3A4, kipo kwenye ini na kwenye utumbo. Sasa kuna dawa zinakizuia kisifanye kazi yake: antibayotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, na zile za fangasi za jamii ya azoli, yaani ketokonazoli, itrakonazoli, vorikonazoli, flukonazoli. Ukizimeza takrolimusi inajaa kwenye damu, hujaongeza hata kidonge, lakini mikono inaanza kutetemeka, kichwa kinagonga, presha juu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) juu, yaani figo inalishwa sumu na dawa ileile inayoilinda. Rifampisini ya TB ndo kinyume chake, inalifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi mpaka dozi yako ya siku zote haifui dafu na mwili unaweza kuanza kuikataa figo. Ndo maana kwa watu kama sisi mara nyingi inafikiriwa rifabutini badala yake, maana hiyo haina vurugu sana.

Nilishawahi kuandikiwa flukonazoli kwa ajili ya fangasi za mdomoni. Daktari wangu wa figo akapunguza takrolimusi palepale, akataka damu ipimwe baada ya siku chache tu. Nilimshangaa, naumwa halafu ananipunguzia dawa ya figo? Majibu yakarudi kiwango hakijatikisika. Kilichonifungua macho zaidi ni pale flukonazoli ilipoisha, akanipigia mwenyewe nirudi kwenye dozi ya zamani na nipime tena. Hapo ndo wengi wanapotelezea, wanadhani dozi ya antibayotiki au ya fangasi ikiisha habari imeisha, kumbe kile kizuizi kikiondoka kiwango kinashuka na wewe bado unameza dozi iliyopunguzwa. Kwa rifampisini ni vilevile ila kwa upande wa pili, nguvu yake inakaa kama wiki mbili baada ya kuiacha, halafu takrolimusi inaanza kupanda pole pole. Kwahiyo ukipewa dawa mpya uliza maswali mawili, nikianza tunabadilisha nini, na nikimaliza tunarudisha lini.

Na siku ya kupima usimeze dozi ya asubuhi kabla hujatolewa damu! Ibebe mkononi, umeze ukishatoka. Kipimo kinatafuta kiwango cha chini kabisa kabla ya dozi inayofuata, ukimeza kwanza namba inakuja kubwa na unaweza kupunguziwa dawa bure.

(Tukiwa hapohapo, takrolimusi ilipatikana kwa bakteria wa udongoni huko Japani mwaka 1984, na kikemia ni makrolaidi, kwahiyo ni ya ukoo mmoja na erithromaisini. Sirolimusi, dawa nyingine ya kushusha kinga, nayo ilitoka kwenye udongo wa kisiwa cha Pasaka na mwanzoni ilionekana kama dawa ya fangasi. Mie hizi habari huwa zinanifurahisha sana, sijui kwanini.)

Sio kila ugomvi unapitia kwenye kile kimeng'enya lakini. Jentamaisini, antibayotiki nyingine, inaumiza figo yenyewe, ukiichanganya na takrolimusi mzigo unakuwa mara mbili. Kotrimoksazoli, ile wengi wanaijua kama Septrin, tunapewa kwa makusudi kuzuia nimonia ya Pneumocystis na mimi naiheshimu sana, ila inaweza kupandisha potasiamu, na takrolimusi nayo inapandisha, kwahiyo ukiona wanakupima potasiamu kila kliniki usione wanakusumbua. Valgansiklovia ya kirusi cha CMV ikikutana na mikofenoleti, nayo ya kushusha kinga, chembe nyeupe za damu zinaweza kuporomoka, hapo utaitwa kupima damu mara kwa mara.

Kuharisha pia sio jambo la kupuuza, unaweza kudhani dawa inatoka yote bila kufanya kazi, kumbe kwa takrolimusi kiwango huwa kinapanda. Usijiongezee dozi, piga simu.

Ukifika dirisha la dawa usiseme "natumia dawa za figo", hiyo haimwambii mfamasia chochote, taja jina, taja miligramu, na kama ulimi unagoma mwonyeshe picha ya boksi kwenye simu. Akikwambia hii haina shida mwombe aingalie na takrolimusi kabisa, wala usione aibu na foleni ya nyuma yako. Na homa ikifika 38 usisubiri kuona kama itashuka, kwetu sisi dalili za maambukizi huwa zinajificha, wapigie watu wa kliniki yako usiku huohuo kabla hujameza antibayotiki iliyobaki kabatini.