DuckTales ya Nintendo: kabla ya hazina, jifunze bakora

Kama ndo unaanza DuckTales, lile gemu la Capcom la 1989 lililotokana na katuni ya Disney ya bata tajiri Scrooge McDuck, achana kwanza na habari za hazina, jifunze bakora. Unaruka, ukiwa bado hewani unabana kitufe cha chini pamoja na cha B, Scrooge anaanza kudunda juu ya bakora yake, na hapo maadui unawakanyaga, miiba unapita juu yake bila kuumia, na sehemu ambazo kuruka kwa kawaida hakufiki unafika. Wengi ninaowaona wakicheza wanaachia vitufe mapema, Scrooge anatua na miguu kwenye miiba, basi wanasema gemu gumu. Sio gumu kihivyo jamani, vidole tu havijazoea, kaa pale mwanzo wa steji ya Amazon udunde mpaka mkono ujiendee wenyewe.

Ila steji ya Himalaya angalia, ukidunda kwenye theluji bakora inazama na unakwama hapohapo huku maadui wanakuja, kwahiyo kule ruka kawaida.

Steji ziko tano na unachagua mwenyewe uanzie wapi, hiki ndo kitu nakipenda sana kwenye hili gemu. Mimi namshauri mgeni aanze Amazon, halafu Transylvania aiwahi kabla ya Migodi ya Afrika, maana ufunguo wa ile migodi uko Transylvania, ukienda bila ufunguo huingii. Na Transylvania ijue vizuri, kuna vioo vinakurusha sehemu nyingine, na pambano la mwisho linakurudisha kulekule.

Usikimbilie bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji. Pita taratibu, gusa kona, ruka sehemu ambazo hazina kitu, kuna almasi hazionekani mpaka ufike pale. Pesa humu ndo pointi zako na ndo zinaamua gemu linaishaje, ukitaka ule mwisho mzuri kabisa unatakiwa uwe na dola milioni 10 au zaidi pamoja na zile hazina mbili zilizofichwa. Anayekimbia anamaliza gemu lakini huo mwisho hauoni.

Ukifika Mwezini simama kidogo usikilize muziki, ule aliotunga Hiroshige Tonomura. Sijui niuelezeje, mashine ndogo vile inatoa kitu kizuri kiasi kile, mpaka leo nikiusikia naacha ninachofanya.

Kwa sasa njia rahisi ya kulipata ni The Disney Afternoon Collection ya 2017, mkusanyiko wa magemu ya zamani ya Disney, ina kitufe cha kurudisha nyuma ukikosea, kitumie kujifunzia halafu jaribu kucheza bila hicho. Ile Remastered ya 2013, yaani gemu hilihili lililotengenezwa upya, ni nzuri, sauti ya Scrooge ni ya Alan Young yuleyule wa kwenye katuni, ila maongezi yanakatisha mchezo mara kwa mara, kwahiyo kwangu ya zamani ndo ya kuanzia.

Na mwisho kabisa, Dracula Duck, bosi wa mwisho, akianguka usiweke pedi chini! Glomgold, mpinzani wa Scrooge, anakuja kuiwahi hazina, nenda moja kwa moja kwenye kamba uipande, dunda pale tu panapokulazimu.