Kurudi kubeba saruji baada ya upasuaji wa mgongo

Pole sana kaka. Umesema ulitolewa kipande cha diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) kilichobana neva, sasa ni wiki ya 6, mguu hauumi tena na fundi anakuita saiti Jumatatu. Hapo kwenye "hauumi tena" ndipo mimi nilipojidanganya. Nilijitwika mfuko wa saruji, kilo 50, nikalala chali siku nne.

Kwa upasuaji kama wako, kazi nzito mara nyingi husubiri miezi 3 hivi. Waliofungwa vyuma ili pingili ziungane husubiri zaidi. Ila tarehe yako aitoe daktari aliyekupasua, si fundi. Nenda kliniki kabla ya Jumatatu umtajie kazi yenyewe: zege, ndoo, ngazi. Ukisema tu "ujenzi" hatajua uzito wake. Mwombe barua ya kazi nyepesi na akupeleke kwa mtu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba.

Kwa sasa omba kutunza stoo au kumwagilia kuta kwa mpira. Hela itapungua, najua. Tembea kila siku. Mimi kulinisaidia kuliko ule mkanda wa mgongo nilionunua kwa bei mbaya.

Ukiruhusiwa kubeba, anza na nusu ndoo, iwe karibu na tumbo, magoti yakunjwe. Kugeuka, geuza miguu, si kiuno.

Ukipata ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo ukagoma au kutoka wenyewe, au miguu ikalegea, usingoje asubuhi. Hospitali saa hiyo hiyo, hata kwa bodaboda ya kukopa. Homa au kidonda kutoa usaha, vilevile usikae nyumbani.