Barua kwa mwanangu: mzinga ndio bendera

Dar es Salaam

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini Waingereza pale Colenso, Afrika Kusini, waliingia kwenye mvua ya risasi kuokoa mizinga, wakati chuma hununuliwa kingine. Vikosi vyao vya kudumu vya mizinga, vilivyoanza mwaka 1716 kwa kombania mbili, havibebi bendera kama askari wa miguu. Mzinga wenyewe ndio bendera, na kumwachia adui ni aibu.

Tarehe 15 Desemba 1899 Kanali Long alisogeza mizinga 12 ya ratili 15 (uzito wa kombora lake) mpaka yapata mita 900 tu kutoka Mto Tugela. Makaburu walikuwa ng'ambo, mahandakini, na bunduki za Mauser zenye baruti isiyotoa moshi. Mizinga haikuwa na ngao. Kila mmoja ulivutwa na farasi 6; mmoja akianguka, mikanda inawanasa wenzake, kwa hiyo kuuondoa ni kazi ngumu kuliko kuuleta. Iliokolewa 2, Makaburu wakachukua 10. Luteni Frederick Roberts alijeruhiwa humo, akafa. Ushujaa siubishi, lawama yangu ni pale walipoiweka.

Mzinga wa ratili 18, wa mwaka 1904, ulikuja na ngao, na mtutu wake ulirudi nyuma peke yake huku magurudumu yakitulia. Lakini kinga kubwa ilikuwa kujificha nyuma ya kilima.

Chukua mfano wa hapa kwetu: mzinga uko Jangwani, shabaha iko Kigamboni. Mlengaji haioni. Anaelekeza darubini kwenye mnara wowote anaouona, kisha anageuza mtutu kwa nyuzi za pembe alizopewa. Mwangalizi, anayeiona shabaha, yuko Kivukoni na simu. Kombora la kwanza likivuka shabaha, anapunguza mita 400. La pili likiwa fupi, anaongeza 200. Halafu 100, halafu 50, ndipo betri nzima, yaani kundi la mizinga, inapiga. Upepo huharibu hesabu. Mtutu uliochakaa hufupisha masafa, na makombora yanaweza kuwaangukia wenzenu waliotangulia. Ila adui mkubwa alikuwa waya wa simu: ukikatwa, betri imepofuka.

Kufikia Vita Kuu ya Pili, mzinga wa ratili 25 ulipiga kilomita 12, mwangalizi ana redio, na wa kuuvuta alikuwa gari. Farasi hawamo tena.

Baba yako