Ua la mwaka wa kwanza si jasho lako

Anayeanza kupanda vitunguu vya maua, yaani vile vinavyofukiwa ardhini ili vitoe maua na si vya kuliwa, hujipongeza mapema mno. Pasua kitunguu cha narsisi au cha tulipu siku unayokinunua: utakuta chipukizi la ua limeshaumbika humo ndani, limezungukwa na akiba yake ya chakula. Aliyekilea shambani msimu uliopita ndiye mwenye sifa. Wewe mwaka huu unakipa mizizi na baridi tu. Ua la mwaka wa pili ndilo lako, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Dukani, bonyeza kabla ya kulipa. Kitunguu kizuri ni kigumu na kizito kuliko ulivyodhani. Ukungu kidogo wa buluu juu ya ganda si neno, ufute. Kikibonyea, usikichukue hata wakikupunguzia bei. Na ukishika vitunguu vya hiasinti, ua jingine la aina hii, vaa glavu, zinawasha.

Kupanda kunaanza majani ya miti yanapopukutika na udongo umepoa hadi nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na kunakoma kabla ardhi haijaganda. Kaskazini mwa dunia ni Septemba hadi Novemba. Kusini ni Machi hadi Mei. Usipande vyote siku moja. Narsisi hutoa mizizi mapema, zitangulie. Tulipu ziache mwisho kabisa, maana udongo wenye joto na unyevu huamsha ukungu unaobabua majani na maua yake. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, penye kiangazi kikavu na baridi kali, na hadi leo nyingi hudai wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo shina lirefuke. Zisipoipata, ua huchanua likiwa limebanwa huku chini katikati ya majani. Wanaoishi penye joto huzipoza kwenye friji kabla ya kuzipanda. Sawa, ila zisikae na matofaa, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani.

Shimo liwe na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu: tulipu sentimita 15 hadi 20, krokasi, ua dogo fupi, 8 hadi 10. Ncha juu. Usipoiona ncha, kilaze ubavu. Shina litajua pa kwenda. Linalostahili kukunyima usingizi ni maji yanayotuama, kwani baridi haiozeshi kitunguu, tope linaozesha. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na changarawe, au uinue tuta. Samadi mbichi isiingie shimoni kabisa. Kindi na panya hufukua tulipu na krokasi, hivyo tandaza wavu wa waya juu yake. Narsisi hawazigusi, zina sumu. Na sumu hiyo haichagui, kwa hiyo usizihifadhi jikoni jirani na vitunguu vya mchuzi.

Kuhusu mpangilio, mimi sipendi safu. Vitunguu kumi vilivyokusanyika pamoja huonekana kuliko thelathini vilivyopangwa mstari ukingoni mwa njia.

Sasa njoo majira ya kuchipua, maua yameisha na majani yamelala ovyo. Mkono utakuwasha kuyafyeka. Uzuie. Kata kichwa cha ua kilichonyauka ili mmea usihangaike na mbegu, lakini majani yaache mpaka yawe manjano yenyewe, wiki sita hivi. Usiyasuke wala kuyafunga fundo kwa ajili ya unadhifu, kwa sababu yanahitaji jua: ni katika wiki hizo kitunguu kinajaza akiba ya ua lijalo. Kama umepanda kwenye nyasi, mashine ya kukatia ipite pembeni. Ukiona aibu kwa wageni, panda kando yake mimea inayochelewa kuota, itayafunika.

Hata ukifanya yote hayo, tulipu nyingi chotara za maua makubwa hudhoofika mwaka hadi mwaka. Zinunue upya bila kujilaumu, au chagua tulipu za porini, fupi na za kudumu. Narsisi ni wavumilivu zaidi. Zikianza kutoa majani matupu baada ya miaka kadhaa, mara nyingi zimesongamana: subiri majani yakauke, zichimbue, zitenganishe, kisha zirudishe ardhini kwa nafasi.