Kuchangia Hoja Bila Kuizima

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkulima kijana wa Newala, na huu ni msimu wangu wa pili tangu nijiunge na chama chetu cha msingi cha ushirika. Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisema kwamba korosho zetu zilishuka daraja kwa sababu wengi wetu hatuzianiki mpaka zikauke. Nami nilisimama nikaeleza habari ya makato, kuchelewa kwa salfa (dawa ya mikorosho), ubovu wa barabara na kasoro za viongozi, kwa muda wa dakika kumi hivi. Nilipokaa, hakuna aliyeendelea, na mwenyekiti akahamia ajenda nyingine. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilikosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, sina sababu ya kutilia shaka ukweli wa maneno yako, ila hukumjibu mzee. Yeye alileta jambo moja, linaloonekana kwa macho na lenye dawa, nawe ukalifunika kwa mambo manne. Mkutanoni tunasema mtu “anachangia”, neno lile lile tunalolitumia katika harusi na misiba. Anayechangia harusi huandikwa katika daftari la mwenye shughuli. Hafungui daftari lake pembeni na kuanza kutangaza shughuli nyingine.

Isitoshe, jambo la mzee lilikuwa zito kuliko ulivyolipima. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, mazao ya wakulima wengi hukusanywa kupitia vyama vyao, hupelekwa ghalani na kuuzwa mnadani kwa pamoja, kwa hiyo gunia la jirani lenye unyevu linaweza kukugharimu hata wewe uliyeanika vizuri. Hapo palikuwa na mengi ya kuulizana.

Tuseme ungesimama ukasema hivi: “Shikamoo, mzee wangu. Nimekusikia ukisema kwamba tatizo letu ni uanikaji. Mimi nilianika juani siku tatu, lakini siku niliyopeleka mzigo magunia yalilala nje ya ghala la chama, na usiku mvua ikanyesha. Je, kuna wenzangu yaliyowakuta hayo?” Hoja ya mzee ingebaki imesimama, ushahidi mmoja ungeongezeka, na mtu wa tatu angekuwa na pa kuanzia. Mtunza ghala naye angelazimika kueleza, na lawama ile uliyotaka kuwapa viongozi ingefika yenyewe, tena ikiwa na sababu.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya kumrudishia msemaji hoja yake kwa maneno ambayo mwenyewe atayakubali. Wengi wetu husikiliza sentensi ya kwanza tu, kisha tukaanza kupanga hotuba zetu kichwani, ndiyo maana mtu hujibiwa jambo ambalo hakulisema. Ukitaka kupinga, taja unapinga lipi: unakataa kwamba korosho hazikuanikwa, au unakubali hazikuanikwa ila huamini kwamba hilo ndilo lililoshusha daraja? Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Bungeni kuna utaratibu unaofaa kuigwa: mbunge huomba kumpa taarifa mwenzake anayezungumza, na baada ya kuitoa, Spika humwuliza msemaji kama anaipokea. (Nasikitika kwamba mikutano yetu mingi imechukua neno na kuacha maana, hata “taarifa” imekuwa njia ya kumkalisha mtu.)

Kuhusu makato, mwandikie katibu mapema uombe yawe ajenda, kisha uje na karatasi yako ya malipo mkononi, ili kila kato litajwe kwa jina na kiasi chake.

SWALI: Mshauri, sisi akina mama wa kijiji kimoja huku Nachingwea tunakaa kimya katika mkutano mkuu wa kijiji, halafu njiani tukirudi nyumbani ndipo tunapozungumza vizuri. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo nafasi ya kusema mnayo tayari. Nadhani mnachokosa ni msemaji wa pili, kwa sababu anayesimama peke yake hukatishwa kwa urahisi. Kubalianeni kabla: mmoja ataje kwamba pampu ya kisima imeharibika, na mwenzake asiishie kusema “naunga mkono hoja” akakaa, bali aeleze yeye huamka saa ngapi na maji huyafuata wapi. Mazungumzo yenu ya njiani yana mambo ya namna hiyo tele. Yaleteni kama yalivyo, bila kuyavisha maneno makubwa.

Mkutano unaofuata, sikilizeni muhtasari unaposomwa. Ikiwa hoja yenu haikuandikwa, nyosheni mkono kabla haujathibitishwa. Ikiwa imeandikwa, subirini kipengele cha yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na mkutano uliopita, kisha muulize pampu imefikia wapi.